Kabla ya matairi makubwa, nunua geji ya upepo

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, hatimaye nimevuta Suzuki Escudo. Desemba nataka kwenda Ziwa Natron na familia. Nianze na kipi, kuinua springi au matairi makubwa?"

Nilicheka peke yangu sebuleni, halafu kicheko kikakata. Swali hilohilo niliuliza mimi miaka 6 iliyopita, na wanaume wanne walinijibu kwa furaha kubwa. Nikainua springi. Nikafunga matairi yenye meno kama ya trekta. Nikapanga taa juu ya kibanda ambazo mpaka leo sijaziwasha zaidi ya mara tatu. Pesa ile ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama, na mama anajua.

Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyenitajia upepo wa tairi.

Escudo yangu ni ya 2003, gia za mkono, na pembeni ya gia kuna kile kijiti kifupi chenye 2H (matairi mawili yanasukuma), 4H (yote manne, yaani fobaifo), N (huru) na 4L (fobaifo ya polepole yenye nguvu). Wiki ya kwanza nilikivuta 4H nikazunguka nacho Arusha mjini kwenye lami, kifua mbele, kana kwamba watu wa nje wanakiona kijiti. Nilipoingia kwenye maegesho na kukata kona, gari likagoma. Usukani mzito, chini kunagonga, kama mtu kashika breki. Nikalipeleka kwa fundi mbio nikijua difu imekufa. Fundi alirudisha kijiti 2H, akaendesha mita kumi, akashuka. Hakunidai hata mia. Alinieleza kwamba kwenye kona matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari la aina hii ukiliweka fobaifo linalazimisha ya mbele na ya nyuma yaende sawa. Kwenye mchanga au tope tairi litateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami halitelezi, kwa hiyo kinachoumia ni vyuma. Na wewe uliyeniandikia, angalia lako: Escudo za kuanzia 2005 nyingi zina kitufe cha kuzungusha badala ya kijiti, na fobaifo yake ni ya muda wote. Hiyo haina shida hii mpaka uifunge kwa loki, yaani mbele na nyuma zilazimishwe kwenda sawa.

Sasa Natron.

Ilikuwa Agosti, kiangazi kikali. Tulitoka Mto wa Mbu magari matatu, Land Cruiser mbili na mimi, shemeji yangu akiwa kiti cha pembeni. Aliyeongoza msafara aliniambia, "Wewe na hicho kigari kaeni nyuma." Nikakaa nyuma, nikala vumbi lao mpaka Engaruka. Vumbi la kule si hili la uwanjani. Ni laini kama unga wa sembe, linaficha mashimo, na gari la mbele likilitimua huoni hata boneti yako. Ningejua ningeachia nafasi ya kutosha. Sikujua, na niliogopa kuachwa.

Nikaachwa hata hivyo. Mbele ya Engaruka kuna makorongo yanayoshuka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa, kiangazi yanakuwa mchanga mtupu. Wenzangu walivuka. Mimi nilifika ukingoni, nikaona alama za matairi yao, nikasema si wamepita? Nikaingia. Katikati gari likaanza kupungua mwendo. Hapo nikafanya kile ambacho kila mgeni hufanya: nikakanyaga mafuta. Tairi likikanyagiwa mafuta mchangani halitembei, linachimba. Kufumba na kufumbua chasisi imelala juu ya mchanga, klachi inanuka kama mpira uliotupwa jikoni, na shemeji ananiangalia bila kusema neno. Mtandao hakuna.

Chepe sikuwa nalo. Nilikuwa na taa za juu, lakini chepe sikuwa nalo. Tulichimba kwa sahani mbili za bati tulizobeba kwa ajili ya ubwabwa. Vijana wawili wachunga mbuzi walisimama ukingoni wakitutazama, kisha akaja mzee mmoja wa Kimasai na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akazunguka gari mara moja, akaigonga tairi ya nyuma kwa fimbo. "Hii ngumu. Toa upepo."

Mzee hana gari. Lakini amekaa pale miaka akiangalia wenye magari wakijizika, na wakitoka.

Tulitoa upepo kwa njiti ya mti, tukiibonyeza kwenye kijiti cha valvu, tairi moja baada ya jingine. Matairi yalikuwa na PSI 36 na ushei. Tuliacha pale ubavu ulipoanza kutuna. Leo nina geji na kwenye mchanga nashuka mpaka 18. Tairi likipungua upepo linalala, hasa kwa urefu, linakanyaga eneo kubwa na kuelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Nikaweka 4L, nikaachia klachi polepole, nikarudi kinyumenyume juu ya alama zangu mwenyewe. Lilitoka kama vile halikuwahi kukwama. Shughuli nzima ilitula saa tatu, na robo saa tu ndiyo ilikuwa ya upepo.

Tulipofika Ngare Sero, kijiji cha kando ya ziwa, wenzetu walikuwa wameshakula mbuzi. Kumbe mmoja alirudi mpaka ukingoni, akatupiga picha kwa mbali tukichimba na sahani, akageuza. Picha ikawekwa kwenye grupu ikiwa na maneno ambayo siyarudii hapa. Nilitoka kwenye grupu usiku ule, mlima Ol Doinyo Lengai uko mbele yangu mweusi dhidi ya nyota, na mimi nasoma vicheko. Watu huniambia nisahau. Sisahau. Ukienda porini na mtu, chagua yule anayetazama kioo cha nyuma, hata kama gari lake ni bovu.

Juni mwaka huu nilirudi na Escudo ileile. Korongoni nikakuta Prado mpya imelala, mkewe bwana kakaa chini ya mgunga, bwana mwenyewe ndani anakanyaga mafuta. Nikamwambia, kaka, tutoe upepo. Akasema hili ni ful taimu, fobaifo ya muda wote. Nikakaa na mkewe kivulini, nikala karanga zao. Baada ya nusu saa alishuka. Sitaficha, nilifurahia kila dakika, na geji niliichomoa taratibu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo ndugu yangu: springi ziache. Nunua geji, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, chepe na kamba nene ya kuvutia. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi, kamwe isifungwe kwenye kile kirungu cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu. Ukitoka mchangani, jaza upepo kabla ya mawe makali na kabla ya lami. Usiende peke yako. Na shuka. Ukiona korongo, zima gari, shuka, vuka kwa miguu. Ukizama kifundoni, gari litazama zaidi. Tunaona aibu kushuka mbele ya watu, halafu tunachimba na sahani mbele ya mbuzi.

Kuhusu Desemba yako: vuli inaweza kuwa bado inanyesha. Makorongo yale hujaa kwa mvua iliyonyesha milimani huko juu, wewe uliko jua linawaka. Maji ya rangi ya chai yanayokimbia usiyapime kwa gari, na hata kwa miguu usiyaingie. Mara nyingi hupungua baada ya saa kadhaa. Beba maji ya kunywa, chakula cha watoto cha siku mbili, na turubai. Sahani beba za kulia tu.