Je, mzungu hana ukoo? Jibu kutoka vijiji vya makaa ya mawe vya Wales

Maswali yanayotufikia kutoka nyumbani ni mawili. La kwanza: ninyi mnaohudumia wazee huko Wales, ni kweli mzungu hana ukoo, akizeeka anatupwa, hata babu yake hamjui? La pili: nafasi bado zipo?

La pili tulimalize mapema. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia barua ya udhamini wa kazi hiyo ukiwa Tanga au Kisumu anakutapeli, hata kama mnasali naye. Kazi imebaki kwa walioko huku tayari na wenye haki ya kuifanya, wakiwemo wanafunzi kwa saa chache wanazoruhusiwa, na Wales inakutaka ujiandikishe Social Care Wales, chombo kinachosajili wahudumu. Ninayoeleza hapa yatawafaa hao, na yatamjibu yule anayeuliza kuhusu ukoo.

Si kweli. Angalau si katika mabonde ya Wales Kusini: Rhondda, Cynon, Rhymney, Merthyr. Ni kweli utamkuta mzee yuko peke yake kwenye nyumba ya safu, zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta, duka la jirani limefungwa, watoto wamehamia Cardiff. Watoto hawakumtupa, kazi ndiyo iliyoondoka. Maerdy, mgodi mkubwa wa mwisho wa bonde la Rhondda, ulifungwa Desemba 1990, na pengo lake halikuzibwa. Lakini mwulize mzee huyo nani alikaa nyumba ya upande wa juu alipokuwa mtoto. Atakutajia mtaa mzima, mlango kwa mlango, nani alimwoa dada wa nani, na nani alifia mgodi gani. Wanaobeba boksi huku bila kuuliza hilo wanarudi nyumbani wakisema wazungu hawana undugu.

Anza na mtaa, usianze na tarehe. Ukimwuliza mtu wa miaka 85 mwaka aliofariki babu yake, atakwama na kuona aibu. Ukimwuliza maji ya kuoga yalichemshwa wapi, atakaa sawa kwenye kiti. Karai refu la bati lilitundikwa kwenye msumari ukuta wa nyuma. Mama alilishusha, akaliweka mbele ya moto, akajaza maji ndoo kwa ndoo. Baba alirudi mweusi kutoka zamu, akapiga magoti na kuosha kuanzia kiunoni kwenda juu, kisha akaingia kuosha miguu. Mgongo wengi hawakuuosha, kwa kuwa waliamini maji huulegeza. Nyumba yenye baba na wana wawili wa zamu tofauti, mama alikuwa akichemsha maji kutwa. Mabafu ya mgodini yalienea polepole, kwingine hadi miaka ya 1950, na kwa wanawake wengi siku yalipofunguliwa ndiyo wanayoikumbuka kuliko tarehe 1 Januari 1947, migodi ilipotaifishwa. Mwulize pia kuhusu makaa ya mgao, waliyopewa wachimbaji kutoka mgodini: tani nzima ilimwagwa barabarani mbele ya mlango, na watoto wakayabeba kwa ndoo kupita sebuleni hadi kibanda cha nyuma.

Ukimwogesha mchimbaji wa zamani utaona michirizi ya buluu usoni, mikononi na kwenye uti wa mgongo. Usisugue. Ni vumbi la makaa lililoingia kwenye jeraha, ngozi ikaota juu yake. Kila mchirizi una habari yake, jiwe lililoanguka au dari lililokuwa chini mno, na ukiuliza kwa heshima utaambiwa.

Akikuambia ana vumbi asilimia 30, anazungumzia mapafu. Madaktari wa serikali walipima ulemavu kwa asilimia, na malipo yakafuata kipimo hicho. Mapafu hayo hayaponi. Usimlaze chali, mwinue kwa mito. Umvishe kwa hatua, apumue katikati ya shati na suruali. Kama anatumia oksijeni, pasiwe na moto wa aina yoyote karibu, hata mshumaa. Ukipewa dakika 15 za kumhudumia mtu wa namna hii, mweleze msimamizi wako wazi kwamba hazitoshi na uliandike kwenye daftari la mzee. Na kuwa mwangalifu na wajane: wengi walilazimika kukubali mwili wa mume upasuliwe ili ithibitike kwamba aliuawa na vumbi, ndipo walipwe. Swali jepesi kuhusu kifo cha mume linaweza kuamsha hasira ya miaka 40, na hasira hiyo ni ya haki.

Yapo mawili ya kutoanzisha wewe. La kwanza ni Aberfan, karibu na Merthyr. Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, lundo namba 7 la taka za mgodi liliporomoka juu ya shule ya Pantglas. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Uchunguzi uliilaumu Bodi ya Taifa ya Makaa, iliyomiliki migodi, kisha £150,000 zikachukuliwa kutoka mfuko wa rambirambi ili kuondoa malundo yaliyobaki. Zilirudishwa 1997 bila riba. Wengi wa waliookolewa wako hai, wana miaka karibu sabini. Akianza mwenyewe, sikiliza usiongeze neno. La pili ni mgomo wa wachimbaji wa Machi 1984 hadi Machi 1985. Maerdy hakurudi kazini hata mtu mmoja kabla ya mgomo kuisha, lakini kwingine wapo waliorudi, na zipo familia ambazo ndugu hawajasemezana tangu hapo. Usiulize baba wa nani alifanya nini.

Ukitengeneza kitabu cha maisha ya mzee, jambo linalosaidia sana kumtuliza anayepoteza kumbukumbu, andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya na kuharibu sura. Omba kuona kipande cha shaba chenye namba. Mchimbaji alikabidhiwa kwenye chumba cha taa, nacho ndicho kilichoonyesha nani yuko chini ya ardhi. Vya kuigiza ni vingi sokoni, hivyo kilichokaa kwenye droo ya familia kina thamani kubwa kuliko cha mnadani, na usikisugue kiking'ae.

Majina yatakusumbua. Jones, Davies, Evans na Thomas wamejaa kila mtaa, ndiyo maana watu waliitwa kwa kazi au nyumba zao. Liandike jina la utani pamoja na namba ya nyumba. Ukitafuta ukoo wake kwenye kumbukumbu, sensa ya 1921 inamtaja mwajiri, kwa hiyo unaweza kumtenga David Jones wa mgodi huu na wa mgodi ule. Sensa ya 1931 iliungua na ya 1941 haikufanyika, hivyo tumia rejista ya Septemba 1939, iliyoandika wakazi vita vilipoanza, ukijua kwamba waliozaliwa chini ya miaka 100 iliyopita wengi wamefichwa. Kwa upande wa mama, orodha ya zamani ya waliozaliwa inaonyesha jina lake la usichana kuanzia katikati ya 1911. Kumbukumbu za migodi ziko Glamorgan Archives, Cardiff, na sauti za wachimbaji zilizorekodiwa ziko South Wales Miners' Library, Swansea. Piga simu kabla ya kwenda, na mzee akiweza kusafiri, nenda naye akasikilize.