Mbinu mpya za kushika vitu katika uhalisia pepe: anza na kushika na kuachia

Anayeanza kubuni mbinu ya kushika vitu katika uhalisia pepe (VR, ulimwengu wa kompyuta unaoonekana kupitia miwani maalumu) hukimbilia namna kitu kitakavyosogea kikiwa mkononi. Mbinu nyingi huharibikia kwingine: pale kitu kinaposhikwa na pale kinapoachiwa. Shughulikia hapo kwanza.

Chukua mwale wa kulengea vitu vya mbali, unaotoka kwenye kidhibiti, yaani kifaa chenye vitufe kinachoshikwa mkononi. Mkono ukiyumba digrii 1 tu, ncha ya mwale huhama kama sentimita 5 kwenye kitu kilicho umbali wa mita 3, na sentimita 10 kwenye mita 6. Sasa kidole kikibonyeza kitufe, kifundo cha mkono nacho hujipinda kidogo, na mtumiaji anakosa kitu alichokilenga sawasawa. Kumlaumu ni kumwonea. Hifadhi mielekeo ya mwale ya fremu chache zilizopita, yaani picha moja moja zinazochorwa mfululizo. Kitufe kikibonyezwa, tumia ule wa milisekunde 100 nyuma. Kwa fremu 90 kwa sekunde, hizo ni fremu 9. Pima kwenye kifaa chako, maana vitufe havilingani ugumu.

Mtetemo wa mkono utulize kwa kichujio, yaani hesabu inayolainisha mwendo, kinacholegea mwendo unapoongezeka. Kichujio kikali muda wote hufanya kitu kiburuzike nyuma ya mkono, na hilo linaudhi kuliko mtetemo wenyewe.

Kitu kikishikwa, hifadhi mahali na mwelekeo wake ukilinganisha na mkono, la sivyo kitarukia katikati ya kiganja.

Kwa vidole bila kidhibiti, vinavyofuatiliwa na kamera, weka vizingiti viwili: shika vidole vikikaribiana chini ya sentimita 2, achia vikipita 4. Kizingiti kikiwa kimoja, makosa madogo ya kamera hufanya kitu kidondoke na kushikwa tena mfululizo.

Kwenye kurusha, usitegemee kasi ya mkono katika fremu ya mwisho, kwani mara nyingi mkono umeshaanza kupunguza mwendo. Angalia fremu kama 5 za mwisho.

Kabla ya kubuni mkono pepe unaorefuka ili kufikia vitu vya mbali, soma kuhusu Go-Go, mbinu ya namna hiyo ya watafiti Poupyrev na wenzake ya mwaka 1996. Ndani ya theluthi mbili za urefu wa mkono, mkono pepe hufuata ule halisi. Kupita hapo hurefuka kwa kasi inayoongezeka. Gharama yake ni kwamba mbali, kila sentimita ya mkono halisi hukuzwa. Mpe mtu kikombe pepe akiweke kwenye rafu iliyo mita 4, kisha hesabu mara anazorudi kukirekebisha.