Dada, usimtoe kliniki

Usimtoe. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Umesema mdogo wako anaendelea vizuri na methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa kliniki badala ya unga, yaani heroini, ila kliniki iko mbali, dirisha la dozi linafunguliwa saa ambazo anatakiwa awe kazini, na bosi ameshaanza kumnunia. Ukauliza kuhusu uhamisho, dozi za kuondoka nazo, barua ya mwajiri. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, ukachomekea kwamba kuna nyumba inamsafisha mtu kwa wiki chache "bila dawa yoyote" na unafikiria kumpeleka. Hapo ndipo nilipoacha kusoma.

Kaka yangu nilimtoa mimi. Alikuwa ametulia, amenenepa kidogo, ukimtuma dukani chenji inarudi yote. Shida ilikuwa hiyo hiyo yako: foleni, kila siku iendayo kwa Mungu. Nikachoka mimi, ambaye hata sikuwa napanga hiyo foleni. Akatokea bwana mmoja mwenye nyumba ya kusafisha watu, filimbi shingoni, vyeti vimejaa ukutani, akaniambia methadoni ni kuhamisha ulevi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Nikaona amesema neno. Mtu mwenye filimbi, utambishia nini?

Kaka akapelekwa, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ikampiga ikamwachia, akatoka "msafi", tukapiga na picha. Ambacho bwana filimbi hakunitajia hata kwa kuteleza ulimi ni hiki: mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga wala methadoni, ustahimilivu unashuka, lakini hamu haiishi. Siku akiteleza akapiga kipimo chake cha zamani, mara moja tu, pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kusafishwa, au baada ya kutoka jela, zinaua sana.

Nilimkuta chumbani anakoroma, nikashukuru kwamba amepata usingizi. Usingizi gani! Mkoromo ulikuwa wa majimaji, unakatika, kimya kirefu, unaanza tena. Midomo rangi ya bluu, mboni za macho zimekuwa nukta. Jirani ndiye aliyeelewa na kuita gari la wagonjwa, wakampulizia puani naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga. Dawa hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba hata ndugu wa mtumiaji wawe nayo na wafundishwe kuitumia. Sasa ninayo kwenye droo, mjuaji wa baadaye. Na ukishampa mtu, bado unampeleka hospitali, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya kile alichotumia.

Nilipompigia bwana filimbi akaniambia kaka "hakuwa na nia ya dhati". Mtu aliyekuwa anadamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya dozi hana nia! Yeye nia yake ilikuwa kwenye pesa yangu, na hiyo kweli ilikuwa ya dhati.

Na hilo la "ulevi mwingine" likija tena, jibu ni fupi. Methadoni nguvu yake inashika siku nzima, kwa hiyo mtu anakunywa mara moja na kwenda kazini, halewi, hatetemeki, hatafuti. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: asiache dirisha moja kabla dirisha la pili halijathibitisha dozi yake ya kesho. Ndivyo ilivyo hata kwa huo uhamisho. Kliniki mpya iwe na karatasi zake na kiwango chake mkononi, siyo "njoo wiki ijayo tutaona". Siku za katikati ndizo mbaya. Na akikosa siku kadhaa mfululizo aseme ukweli dirishani, wampunguzie kwanza, asinywe dozi nzima kwa aibu.

Dozi za nyumbani zinategemea sheria za mahali ulipo. Marekani mwaka 2020, wakati wa korona, waliruhusu waliotulia kupewa hadi za siku 28, kwa hiyo siyo ndoto. Muulizeni daktari wake, nenda naye. Zikipatikana zifungiwe kwenye kabati lenye kufuli, maana kipimo chake kinaweza kumuua mtoto.

Barua ya mwajiri sijui, wa kwangu hakuwa na mwajiri. Kama uliuliza kingine nimeshasahau. Hiyo nyumba ulishailipa kianzio? Kama bado, usilipe.