Mkanda haupigi hodi

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, imefika kilomita 146,000 na haina kasoro yoyote. Fundi wangu anataka nibadilishe mkanda wa taimingi. Fundi mwengine ananiambia nifungue injini yote nitie beringi mpya kabla haijanoki. Pesa zangu zatosha moja tu. Nifanye lipi?"

Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Mkanda wa taimingi ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake na pistoni; beringi ndizo zinazobeba vyuma vinavyozunguka ndani ya injini, na zikilika injini hugonga, ndiko kunoki. Gari ni kama langu, mwaka uleule, na swali nusu yake niliulizwa mimi miaka minane iliyopita nikalijibu vibaya.

Gari lile nimelitamani tangu skuli. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000, na mtaani kwetu hakukuwa tena na gari jengine la kuzungumzwa. Nilipolitoa langu bandarini Mombasa, limetoka Japani, nililiosha kwa mikono yangu kila Ijumaa. Oili nilibadilisha kila kilomita 5,000, tena oili ya bei. Nayasema haya ili mjue sikuwa mtu wa kupuuza gari.

Lilipofika kilomita 108,000 fundi wangu alinikalisha kitako. "Mwanangu, mkanda huu Wajapani wameupa kilomita laki moja. Tuutoe." Nikamwambia afungue kifuniko niuone. Tukaumulika kwa tochi ya simu, mkanda mweusi, mzima, hauna ufa hata wa unywele. Alitaka shilingi 46,000 kwa mkanda, puli zake zote, tensheni ya kuukaza na pampu ya maji. Nikamwambia tungoje, mwezi ule nina harusi ya dada yangu.

Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo walii wa kumwozesha dada nilikuwa mimi. Nikaha ilikuwa baada ya isha. Nikatoka Nairobi saa tano asubuhi kuelekea pwani, nikapita Mtito Andei, nikapita Voi. Karibu na Maungu, saa kumi na moja, nikasikia mlio mwembamba chini ya boneti, kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Dakika mbili hivi. Kisha ukakatika, na injini ikazima nao. Hakuna moshi, hakuna kishindo. Nilipopiga stata ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyotiwa kitambaa. Aliyewahi kuusikia wepesi ule hana haja ya kuambiwa na fundi.

Nilikaa kando ya barabara, kanzu yangu imetundikwa kiti cha nyuma, malori yananipitia. Gari la kuvuta lilifika isha imeshaadhiniwa. Ami yangu nilimpa uwakala kwa simu, akamwozesha dada yangu, na mimi nikasikia "amin" za watu kupitia spika. Dada hajanilaumu hata siku moja. Mimi mpaka leo nikipita Maungu siangalii upande ule.

Gereji walipofungua, mkanda ulikuwa umeungua upande mmoja. Kumbe si wenyewe uliochoka. Puli moja ndogo, ukubwa wa kikombe cha kahawa, grisi yake ilikauka ndani, beringi yake ikakwama, mkanda ukasuguana nayo hadi ukaruka meno. Chuma cha ile puli kilikuwa kimegeuka buluu kwa moto. Injini hii ina kamshafti nne, zile shafti zinazofungua valvu, na valvu 16, na mpangilio ukipotea pistoni huzigonga valvu. Zangu zilipinda 11. Nikaishia kununua injini ya mtumba, na kwa jumla pamoja na kazi nilitoa zaidi ya 300,000.

Tangu siku ile, kila kifaa cha gari langu nakiuliza swali moja: wewe ukifa, utakufa na nani? Koili ikifa hufa peke yake. Klachi hivyo hivyo, nitaisukuma mpaka ichoke. Mkanda hufa na injini nzima. Na hapa wengi mnakosea mnapobadilisha mkanda mkaacha puli za zamani ili kuokoa elfu chache. Pampu ya maji ya injini hii inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hivyo nayo ikikwama mambo ni yaleyale. Vibadilisheni vyote siku moja, kazi ya kufungua ni moja.

Beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni habari nyengine kabisa. Mwenye BMW M3 ya E46 anaweza kushusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, akazibadilisha kwa chini, injini ikiwa ndani ya gari. Subaru silinda zake zimelala pande mbili, na ili uzifikie beringi sharti uitoe injini, uvue hedi zote mbili, uipasue bloku katikati. Huko si kuzuia, huko ni kujenga injini upya. Mwaka wa pili wa injini yangu hii niliogopa nikataka niipasue. Fundi alikataa. Badala yake alichukua chujio la oili lililotumika, akalipasua kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juu ya gazeti na kuielekeza kwenye jua. Alitafuta vimeremeta vya beringi iliyoanza kulika. Akapitisha sumaku pia, ingawa uso wa beringi ni madini laini yasiyonasa, kwa hivyo jicho ndilo linalofanya kazi. Hakukuwa na kitu. Injini hiyo imenipeleka kilomita 97,000 na haijafunguliwa.

Vijana, mwili wa gari mnaupaka rangi, ekzosi mnaipigisha kelele, na dipstiki ya kupimia oili hamuivuti mwezi mzima. Turbo hizi hunywa oili. Ikipungua, kona moja ya kasi yatosha kuziacha beringi kavu. Ivuteni kila mnapotia petroli!

Kwa hivyo wewe wa Nakuru, mkanda, puli, tensheni na pampu wiki hii, usisubiri mshahara ujao. Kisha fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, uniambie namba zake. Na chujio ukishalipasua, nitumie picha ya karatasi ikiwa juani, kabla hujaifuta.