Jibu: nyota mfu inatoaje eksirei na gama?

Mkuu, umeuliza nyota "iliyokwisha kufa", tena yenye ukubwa kama wa Dunia, inapata wapi nguvu ya kutoa eksirei na miale ya gama (aina za mnururisho wenye nguvu nyingi, usioonekana kwa macho). Inamnyonya jirani yake, basi. Nyota mfu ya aina hii huitwa kibete cheupe, na ina uzito unaokaribia wa Jua, kwa hiyo gesi inayovutwa kutoka kwa nyota pacha huporomoka kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ikisimamishwa ghafla karibu na uso, joto hufika makumi ya mamilioni ya nyuzi. Eksirei hutoka hapo.

Gama ni habari nyingine, na ndiyo tamu zaidi. Haidrojeni ikirundikana mno juu ya kibete, hulipuka: hiyo ndiyo nova. Kibete kimoja, RS Ophiuchi, kililipuka Agosti 2021, na pacha wake ni jitu jekundu (nyota iliyovimba) linalovuja upepo mzito wa gesi. Mlipuko ulipoukumba upepo huo, wimbi la mshtuko lilizisukuma protoni (chembe ndogo za atomu) hadi karibu na kasi ya mwanga, nazo zikigonga gesi hutoa gama. Darubini za H.E.S.S. kule Namibia (ndiyo, Afrika hii hii) zikainasa gama hiyo. Nyota yenyewe bado ipo. Ilishalipuka 2006 pia.