Maswali ya Wasomaji: Jezi za Bure, Nembo Isiyo na Mwenyewe na Mali Kauli

Barua zilizotufikia kuhusu jezi na bidhaa za klabu ndogo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, hivyo tumechagua nne kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Majina ya waandishi na ya klabu zao tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa klabu ya daraja la chini hapa Masasi. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam ametuahidi seti mbili za jezi, ya nyumbani na ya ugenini, kila moja ya wachezaji 25, bila malipo yoyote. Sharti lake ni kwamba awe muuzaji pekee wa jezi zetu kwa mashabiki kwa misimu mitatu, naye atauza kila moja kwa shilingi 25,000. Msimu uliopita tunakadiria kuwa mashabiki wetu walinunua jezi 400 kutoka kwa wachuuzi, nasi hatukuambulia hata senti. Wajumbe wengi wa kamati wanasema msaada haukataliwi, lakini mwenyekiti amesikia habari za mabilioni ya Simba, naye anataka tudai fedha taslimu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu Katibu, hakuna aliye sahihi kati yao, ingawa mwenyekiti yuko karibu zaidi na ukweli. Neno la kwanza la kufutwa katika mihtasari yenu ni hilo la "msaada". Mtu anayekupa nguo 50 na kuchukua haki ya kuuza nguo nyingine kwa miaka mitatu ni mnunuzi, na anachonunua ni nembo yenu, rangi zenu na mapenzi ya watu wa Masasi kwa timu yao.

Tupige hesabu kwa takwimu ulizotuletea. Tuseme kila jezi ya mchezaji, pamoja na bukta na soksi zake, inamgharimu shilingi 20,000. Basi zawadi yake yote ina thamani ya shilingi 1,000,000, tena anaitoa mara moja tu. Kama badala ya zawadi hiyo angewalipa shilingi 3,000 kwa kila jezi anayomuuzia shabiki, jezi 400 zingewaletea shilingi 1,200,000 kwa msimu, yaani shilingi 3,600,000 kwa misimu mitatu, hata kama hakuna shabiki mmoja atakayeongezeka. Ninyi mnaombwa muuze kitu cha milioni tatu na nusu kwa milioni moja, kisha mpige makofi.

Kuhusu Simba, ni kweli kwamba mwaka 2025 klabu hiyo ilitangaza mkataba wa miaka 5 na kampuni ya Jayrutty wenye thamani ya shilingi bilioni 38. Lakini kampuni inayolipa fedha za namna hiyo inanunua soko lenye mamilioni ya watu, nchi nzima na nje yake. Klabu ya wilaya ikidai fedha nyingi za kutangulia itaachwa mezani peke yake. Kwa klabu ya ukubwa wenu, njia iliyo wazi ni kuchanganya mambo matatu: vifaa vya timu kwa kila msimu badala ya mara moja, mgawo kwa kila jezi inayouzwa, na kiasi cha chini cha uhakika ambacho mfanyabiashara atalipa hata kama mauzo yatakuwa mabaya. Kiasi hicho si lazima kiwe kikubwa. Hata shilingi 500,000 kwa msimu zinatosha kumfanya asizilaze jezi zenu bohari wakati akihangaika na za klabu kubwa.

Mgawo nao una mtego wake. Mkataba ukisema "asilimia 12 ya mauzo" bila kutaja mauzo yapi, mnaweza kujikuta mnalipwa kwa bei ya jumla anayomuuzia ndugu yake mwenye duka, na si kwa ile 25,000 anayolipa shabiki. Ndiyo maana mimi napendelea kiasi maalumu cha shilingi kwa kila jezi, kwa kuwa hakihitaji mhasibu. Tena hesabu ya jezi isiwe mikononi mwake. Chapisheni ninyi wenyewe lebo ndogo za kitambaa zenye namba zinazofuatana, mkabidhini kwa kusaini daftari, na mkataba useme kwamba jezi isiyo na lebo yenu ni jezi bandia na kwamba analipia kila lebo aliyoichukua isipokuwa zile atakazorudisha. Kwa njia hiyo hamtakuwa na haja ya kumuuliza ameuza ngapi, mtahesabu lebo.

Upekee anaoutaka si jambo baya, bali ni bidhaa yenye bei, nanyi muuze kwa kipimo. Awe muuzaji pekee wa jezi za mechi, si wa kila kitu chenye jina la klabu. Kofia, skafu na fulana za mazoezi zibaki mikononi mwenu, na zaidi ya hizo zote ibaki khanga. Wanawake wa kusini wanaoimba uwanjani tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho wengi wao hawatavaa jezi ya polista, lakini doti ya khanga yenye rangi za timu na jina lenye utani kwa mahasimu wataigombania. Kiwanda hakiwezi kukuchapia doti chache, kwa hiyo jambo hilo lataka mtaji na huenda likasubiri mwaka mwingine; ila msimpe mtu haki hiyo leo kwa kuwa tu hamjapata fedha za kuitumia.

Nilipata kuusoma mkataba wa klabu moja, ukurasa mmoja na nusu, uliosema vifaa vitafika "mapema iwezekanavyo". Vilifika ligi ikiwa imekwisha chezwa raundi nne, na timu ilikuwa ikicheza kwa jezi za msimu wa nyuma zilizozibwa tangazo la mdhamini wa zamani kwa utepe mweusi. Andikeni tarehe, kwa mfano siku 21 kabla ya mechi ya kwanza, na andikeni kiasi kitakachokatwa kwa kila wiki ya kuchelewa. Andikeni pia kwamba kipa ana jezi yake, kwa sababu sheria za mchezo zinamtaka avae rangi tofauti na wachezaji wengine na waamuzi, na kwamba kutakuwa na nguo za akiba kwa wachezaji watakaosajiliwa dirisha dogo na kwa zile zitakazochanika.

Kuhusu ubora, ahadi ya maneno haifai kitu. Takeni sampuli mbili zinazofanana, pande zote zitie saini kwenye lebo, na moja ibaki kabatini mwenu. Ifueni mara kumi kabla hamjasaini mkataba, mkiianika juani kama atakavyoianika mfuaji wenu. Namba zilizobandikwa kwa mashine ya moto huanza kunyanyuka pembe, ilhali rangi iliyopikwa ndani ya kitambaa hubaki. Ulizeni na uzito wa kitambaa: kwa joto letu la pwani, gramu 140 hadi 160 kwa mita moja ya mraba zinatosha, na kilicho kizito zaidi kitawachosha vijana kabla ya dakika ya sitini.

Bei yoyote itakayotajwa iwe ya shilingi na iseme kama kodi imo. Jezi zilizoshonwa nje ya nchi hukutana na ushuru wa forodha, na tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 35, nguo zikiwa miongoni mwa bidhaa zilizolengwa. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mfanyabiashara asiyeandika nani anabeba mzigo huo atakumbuka kuwauliza ninyi mzigo ukiwa bandarini.

Liko pia suala la kupanda daraja. Namungo ya Ruangwa ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata tu ilikuwa katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Fikiria klabu inayosafiri haraka namna hiyo ikiwa imefungwa na mkataba wa miaka mitatu uliosainiwa ikiwa daraja la chini, kwa bei ya daraja la chini. Wekeni kifungu kinachosema kwamba mkipanda, mgawo na kiasi cha uhakika vitajadiliwa upya ndani ya siku 30, na msipokubaliana kila upande uko huru. Mwenzenu naye atataka kifungu cha kushuka, nanyi mkubalieni, kwani ni haki yake. Watu wa Mtwara walioiona Ndanda ikipanda mwaka 2014 na kushuka mwaka 2020 wanajua kwamba ngazi hiyo ina pande mbili.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Lindi mjini kuna fundi cherehani anayeshona jezi za timu yetu na kuziuza nje ya Uwanja wa Ilulu siku za mechi. Tulipomwendea alituambia nembo hiyo aliichora mdogo wake, kwa hiyo sisi ndio tunaoitumia bila ruhusa. Klabu yetu imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Je, hilo halitoshi?

JIBU: Halitoshi, Ndugu Msomaji. Usajili huo unaipa klabu uhai wa kisheria kama chama cha michezo, lakini hauifanyi nembo kuwa alama ya biashara. Alama husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, na mwombaji hutaja aina za bidhaa anazotaka kuzilinda. Mavazi yako katika daraja la 25 la orodha ya bidhaa. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Ujue pia kwamba usajili wa Tanzania Bara hauvuki bahari kwenda Zanzibar, ambako kuna ofisi yake.

Kabla ya kwenda huko, mtafuteni huyo kijana aliyechora. Anaweza kuwa na hoja, kwa maana mchoro ni kazi ya sanaa na mchoraji ana haki zake mpaka azihamishe. Mlipeni kitu cha heshima, mwandikishiane kwamba amehamishia klabu haki zote za mchoro ule, na mashahidi wawili watie saini. Karatasi hiyo ni nafuu leo kuliko siku timu itakapokuwa na jina.

Na fundi mwenyewe? Mkiisha kupata hati, sheria itakuwa upande wenu, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Mimi nisingeanzia huko. Huyo bwana amekwisha kuwathibitishia, kwa fedha yake mwenyewe, kwamba jezi zenu zina wanunuzi na kwamba bei anayouza inalipika. Mpeni lebo zenye namba kama nilivyomweleza Katibu wa Masasi, alipe kwa kila lebo, naye apewe sehemu nzuri ya kukaa uwanjani. Akikataa, hapo ndipo mpeleke barua ya wakili.

SWALI: Sisi ni vijana wa Mtwara. Tunataka jezi yetu ya ugenini iwe na picha ya mwanamuziki mashuhuri aliyekwisha kufariki. Kuna tatizo?

JIBU: Lipo. Mwaka 2018 klabu ya Bohemian ya Dublin, nchini Ireland, ilitangaza jezi yenye sura ya Bob Marley, aliyepata kutumbuiza katika uwanja wao wa Dalymount Park mwaka 1980. Jezi ilipendwa duniani, lakini wasimamizi wa haki za marehemu hawakuridhia, na klabu ikalazimika kuiondoa picha na kuweka ngumi iliyokunjwa. Kifo hakifuti haki hizo. Huziachia familia na kampuni. Chagueni kitu chenu: kinyago cha Kimakonde kilichochongwa na fundi mliyeandikiana naye mkataba, au jahazi la Mikindani, havitawaletea barua kutoka kwa mtu yeyote.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina duka la nguo Newala. Klabu moja imenitaka ninunue jezi 200 kwa fedha taslimu mwezi wa Agosti ili niwe wakala wao. Naona kama mtaji wangu utalala. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali kwa masharti hayo, lakini usiwafukuze. Tatizo si jezi bali ni kalenda. Ligi huanza Agosti au Septemba, wakati ambapo mkulima wa Newala ana korosho mtini na hana fedha mfukoni. Minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika huanza Oktoba, na malipo yakishaingia ndipo baba hununua jezi yake na za watoto wawili. Klabu za upande wa Lindi, ambako ufuta huuzwa kati ya Mei na Julai, zina bahati ya kuweza kuzindua jezi fedha zikiwa bado zinazunguka. Za kwenu hazina.

Waambie utachukua jezi 200 kwa mali kauli, yaani uuze kwanza ndipo ulipe, utalipa arubuni ya jezi 30 tu mwezi wa Agosti, na hesabu nyingine mtaifunga kila mwisho wa mwezi kuanzia Oktoba hadi Januari. Klabu nayo izungumze hivyo hivyo na mshonaji wake, ili kila mmoja asubiri kidogo badala ya wewe kusubiri peke yako. Katika jezi hizo 200, taka zisizopungua 70 ziwe za watoto, kwa sababu wenye klabu huagiza saizi za wachezaji wakasahau kwamba wanunuzi ni familia. Mwisho, mwandikiane kwamba zile zitakazobaki tarehe 31 Januari zikiwa safi na lebo zake hazijakatwa zitarudi kwao, na kwamba nauli ya kuzirudisha wataitoa wao.