Mwanangu, hiyo "ndiyo" yake ipimeni kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: mjukuu wangu mwenye ulemavu wa akili anamaliza shule ya msingi mwakani, na kila akiulizwa kama anataka ushonaji anajibu "ndiyo". Mmwandikishe, au mngoje akue? Msimwandikishe bado. Wala msikae bure.

Mtoto aliyezoea kuamuliwa hujifunza mapema kwamba "ndiyo" humaliza maswali. Mwekeeni mezani picha mbili, cherehani na banda la kuku. Mwulizeni anapenda ipi, kisha nyamazeni; hesabuni kimoyomoyo hadi 10. Macho yako yasielekee picha yoyote, maana atakusoma. Kesho yake rudieni, ya kushoto ikae kulia. Akishika ya kulia kila siku, amechagua upande, hajachagua kazi. Akishika kuku mara 4 kati ya 5, popote picha ilipokaa, hapo mna pa kuanzia. Msimwage picha sita kwa mpigo: atashika iliyo karibu.

Lakini picha haina harufu wala kelele. Akae kwa mfugaji siku 5, kwa fundi siku 5, saa 2 kila siku. Andikeni: anaanza kazi mwenyewe au mpaka aambiwe? Asubuhi anatafuta viatu vyake, au anajificha?

Wakati huohuo mfundisheni daladala, kwa sababu kazi asiyoweza kuifikia si yake. Anzieni mwisho wa safari: umsindikize hadi kituo cha kushukia, hapo hadi mlangoni atangulie yeye, wewe nyuma hatua 10. Akiizoea, mwongezeeni kusema "shusha", kisha kulipa nauli, kisha kulitambua gari. Hivyo kila safari anaimaliza mwenyewe. Wengi huharibu hapa: konda anamuuliza mtoto, mzazi anajibu.

Mwombeni mwalimu wa elimu maalumu kikao muhula mmoja kabla hajamaliza, na mtoto awemo. Aje na ukurasa wake mmoja wa picha na maneno machache: ninachoweza, ninachopenda, kinachonisumbua, nisaidiwe vipi. Aanze yeye kuuonyesha, ninyi mfuate. Nakala iende naye huko aendako. Faili likibaki shule ya msingi, walimu wapya wataanza na asichoweza.

Kuhusu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na akishakuwa mtu mzima anaweza kuuomba. Ila kazi itangulie. Nimeona watu wakitafuta kazi ya kuhalalisha mkopo. Akitaka kuajiriwa, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Itajeni mnapobisha hodi.

Akibadili mawazo baada ya miezi 3, msimgombeze. Rudini mezani na picha.

Jumamosi nipigieni, simu mpeni yeye kwanza.

Mama yako